Sayansi baada ya kengele ya mwisho: kituo cha roboti, kompyuta ya nyumbani, klabu ya shule, au uani kwako?

Likizo ya Juni ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya wazazi hujaa mabango. Kambi ya roboti siku tano. Kompyuta kwa watoto kila Jumamosi. Cheti na fulana bure. Desemba mambo ni yaleyale, na mzazi anabaki akipiga hesabu: nilipe hii, nilipe ile, au fedha hizo niziweke kwa ajili ya ada ya Januari?

Hapa nalinganisha njia ambazo mtoto wa Tanzania, na kwa sehemu kubwa wa Kenya pia, anaweza kujifunza sayansi na teknolojia nje ya saa za shule. Nafundisha fizikia sekondari na nasimamia klabu ya sayansi, kwa hiyo nina upande wangu na utauona. Tuisheni siiweki kwenye mizani. Tuisheni ni shule iliyoongezewa saa, na kule Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kuiendesha wakati wa likizo.

Kila njia nitaipima kwa swali moja: je, mtoto anapata nafasi ya kujaribu jambo ambalo hajui litaishaje? Gharama, umri, umeme na bando nitavitaja, maana bila hivyo mzazi hawezi kuamua. Lakini njia ya ghali ikishindwa kujibu swali hilo, kwangu imeshindwa.

Kituo cha Jumamosi na kambi ya likizo

Kituo kina vitu viwili ambavyo nyumba nyingi hazina: vifaa, na watoto wengine wenye hamu ileile. Cha pili kina thamani kuliko cha kwanza. Mtoto anayependa kufungua redio mara nyingi yuko peke yake mtaani, anaitwa mharibifu. Akiingia chumba chenye wengine kumi kama yeye, anagundua kwamba kumbe si mharibifu.

Tatizo la vituo vingi liko kwenye seti zenyewe. Seti ya roboti huja na maelekezo ya picha, kipande juu ya kipande. Siku ya Ijumaa roboti inafuata mstari mweusi sakafuni, wazazi wanapiga makofi na picha. Lakini roboti ile ingetembea vivyo hivyo hata kama angeijenga mtoto wa jirani. Kuanza kwa kufuata maelekezo si kosa. Kosa ni kambi kuishia hapohapo, siku ambayo kazi ya kweli ilikuwa ndiyo inaanza: mstari ukikatika roboti ifanye nini? Sakafu ikiwa na kona kali je?

Kabla ya kulipa, omba kukaa nyuma ya darasa dakika chache. Mama mmoja, mzazi mwenzangu, alifanya hivyo mbele yangu.

"Mwalimu, hapa roboti moja ni ya watoto wangapi?"

"Wanne au watano, mama."

"Na kompyuta anashika nani?"

"Wanapokezana."

Akavuta kiti, akatazama. Kijana mmoja mrefu hakuachia kipanya muda wote. Wasichana wawili kazi yao ilikuwa kupanga vipande kwenye boksi kwa rangi. Mama akashukuru, akaondoka na fedha yake. Huo ndio ukaguzi, na hauhitaji kujua lolote kuhusu roboti.

Uliza pia seti ni ya aina gani. Vituo kadhaa bado vinatumia LEGO Mindstorms, na kampuni ya LEGO iliacha kuuza seti hizo mwishoni mwa mwaka 2022. Bado zinafundisha vizuri, ila mota ikifa kituo kitaitoa wapi nyingine? Kituo chenye jibu la haraka ni kituo kinachotunza vifaa vyake.

Kati ya kambi ya siku tano na darasa la kila Jumamosi, nachagua Jumamosi, hata kama jumla ya saa ni ileile. Kati ya Jumamosi na Jumamosi mtoto anafikiri. Anaoga huku akifikiri kwa nini gurudumu la kushoto lilikwama. Kambi haimpi nafasi hiyo, na kuna sayansi ambayo haiingii kabisa ndani ya siku tano: kuotesha maharage kwenye kivuli na juani, kisha kuyapima kwa rula kila asubuhi, kunataka majuma mawili au matatu. Kambi ifae kama kionjo, kwa mtoto ambaye bado hajajulikana anapenda nini.

Walio Tanga wana bahati ya aina yake. Jijini mwao kuna STEM Park, iliyojengwa na shirika la Projekt Inspire kwa ushirikiano na Halmashauri ya Jiji, ambako mtoto anashika na kuchezea vifaa vya sayansi badala ya kuvitazama kwenye kioo. Mzazi wa Dar anayekwenda Tanga kusalimia ndugu amtengee mtoto nusu siku.

Kompyuta ya nyumbani

Hapa bingwa ni Scratch, programu ya bure iliyotolewa na maabara ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Mtoto haandiki maneno ya kompyuta. Anaburuta vipande vya rangi na kuviunganisha, na paka kwenye skrini anatembea, anaruka, anasema. Imelengwa kwa umri wa miaka 8 hadi 16, na ina ndugu yake mdogo, ScratchJr, ya mwaka 2014, kwa watoto wa miaka 5 hadi 7 ambao kusoma bado hakujakaa sawa. Kwenye orodha ya lugha za Scratch kuna Kiswahili pia. Ukishaipakua kwenye kompyuta, inafanya kazi bila intaneti, hivyo bando unalitumia mara moja tu.

Kwa swali langu la kipimo, Scratch inafaulu kuliko roboti nyingi za vituoni. Mtoto akitaka kutengeneza mchezo wa daladala inayokwepa mashimo, hakuna kitabu chenye jibu. Daladala itapita juu ya shimo bila kuanguka, pointi zitahesabiwa mara mbili, konda atatokomea nje ya skrini, na kila kosa kati ya hayo litamlazimu afikiri. Wala halimgharimu kitu: hakuna kilichovunjika, hakuna kilichoungua.

Ila ukweli usemwe: nyumba nyingi zina simu, si kompyuta. Kwenye simu unaweza kucheza mchezo wa Scratch uliotengenezwa na mwingine, lakini kutengeneza wa kwako kunataka kompyuta au tableti. Mzazi akisema "mwanangu anajifunza Scratch kwenye simu", mara nyingi mtoto anacheza tu. Kompyuta mpakato ya mtumba, hata nzito na yenye betri iliyochoka, inatosha kwa kazi hii mradi iwe karibu na soketi.

Na pasipo kompyuta kabisa? Profesa Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake walitunga mazoezi ya sayansi ya kompyuta yasiyotumia kompyuta, yanayoitwa CS Unplugged. Zoezi lao maarufu linataka kadi tano tu. Chora nukta 1 kwenye kadi ya kwanza, 2 ya pili, kisha 4, 8 na 16. Mpe mtoto na umwambie aonyeshe nukta 9 kwa kufunua kadi nyingine na kufunika nyingine. Atafunua ya 8 na ya 1. Sasa mwulize namba kubwa kabisa anayoweza kufikia, na kama ipo namba ya katikati isiyowezekana. Atafika 31, na baada ya kuhangaika ataona hakuna inayokosekana. Hivyo ndivyo kompyuta inavyohesabu, na mtoto wa darasa la nne amefika hapo kwa vipande vya boksi la chaki.

Udhaifu wa kompyuta ya nyumbani ni upweke na mteremko. Upweke, kwa sababu hakuna wa kumwonyesha. Mteremko, kwa sababu YouTube iko hatua moja tu pembeni. Mtoto anahitaji mtu mzima ambaye kila juma atasema "nionyeshe", akae, achezee mchezo ule, na ashindwe kwa dhati. Si lazima mtu huyo ajue kompyuta. Bibi anafaa sana kwa kazi hii.

Bodi: micro:bit au Arduino?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wenye kidato cha kwanza hadi cha tatu nyumbani, kwa hiyo nitakaa nalo.

micro:bit ni bodi ndogo ya kielektroniki, kikompyuta cha kuenea kiganjani. Ilianzishwa na BBC, na mwaka 2016 ilianza kugawiwa bure kwa watoto wa Uingereza wa umri wa miaka 11 na 12, takriban milioni moja. Juu yake kuna taa 25 za LED zilizopangwa tano kwa tano, vitufe viwili, dira, kipima joto na kihisi kinachotambua bodi ikitikiswa au kulazwa. Toleo la pili la mwaka 2020 likaongeza spika na maikrofoni. Yote hayo yamo ndani ya bodi: hakuna waya wa kuunganisha ili uanze. Inaendeshwa na betri mbili ndogo, volti 3, haiwezi kumdhuru mtoto. Programu yake inapangwa kwa vipande vya rangi kama Scratch, na kuna aplikesheni ya kuipanga kwa simu. Hilo la mwisho ni kubwa kwetu.

Arduino, bodi nyingine ya aina hiyo, ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Michoro yake iko wazi, yeyote anaweza kuitengeneza, ndiyo maana nakala zake zimejaa Kariakoo na kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, kwa bei ya chini sana kuliko ile ya asili. Bodi ya Arduino Uno yenyewe haina kitu: matundu 14 ya dijitali, 6 ya analogi, na taa chache ndogo za kuonyesha kwamba iko hai. Kila kingine unanunua na kuunga mwenyewe: LED, rezista (kipande cha kupunguza mkondo wa umeme), kihisi cha unyevu, mota, waya na ubao wa kuchomekea. Programu inaandikwa kwa maneno, na ukisahau nukta-mkato moja inagoma. Bila kompyuta, tumia fedha yako kwa kingine.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, micro:bit, bila mjadala. Atapata kitu kinachofanya kazi siku ya kwanza, na siku ya pili atakuwa na wazo lake. Anaweza kuifunga mguuni ihesabu hatua kutoka nyumbani hadi dukani, kisha agundue kwamba inahesabu hata akikaa na kutikisa mguu. Kuanzia hapo anafanya sayansi: anatafuta jinsi ya kutofautisha hatua na mtikiso.

Kwa kijana wa kidato cha pili kwenda juu, naegemea Arduino, na sababu yangu ni ya mtaani. micro:bit mara nyingi lazima iagizwe. Ikifa, hamu inakufa nayo. Kipande cha Arduino kikiungua leo, kesho kinapatikana Kariakoo. Na kitaungua. Kijana ataunga LED bila rezista na kuiona ikiwaka kwa nguvu kisha ikizimika moja kwa moja, na somo la mkondo wa umeme litaingia kuliko nilivyowahi kuliingiza mimi ubaoni. Halafu Arduino inafika kwenye kazi za nyumbani kwake. Kijana anayeishi Kimara au Mbagala anajua adha ya simtank kufurika usiku maji yakitoka, au kukauka bila mtu kujua. Kengele ya tangi la maji ni waya tatu, spika ndogo na mistari michache ya programu. Baba hatauliza tena fedha imekwenda wapi.

Kabla ya kununua chochote, jaribu bure. MakeCode, ukurasa wa kupangia micro:bit, una bodi ya kuigiza kwenye skrini ambayo mtoto anaweza kuitikisa kwa kubofya. Kwa Arduino kuna Tinkercad na Wokwi, ambako anaunga waya za kuchorwa na kuona taa ikiwaka. Akikaa nazo wiki tatu bila kusukumwa, nunua. Akichoka siku ya pili, umeokoa fedha, na wala hajafeli. Huenda wake ni mimea au nyota.

Sharti moja halina mjadala kwenye bodi zote: betri au chaja ya simu tu. Umeme wa ukutani haufunguliwi na mtoto, hata mwerevu wa mtaa mzima.

Klabu ya shule na mashindano

Hapa ndipo penye upande wangu. Klabu ya shule haina ada, haina nauli ya ziada, na ina jambo ambalo kituo hakiwezi kuwa nalo: tatizo la mahali pale mtoto anapoishi.

Tanzania kuna Young Scientists Tanzania, YST, ulioanza mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa maonyesho ya wanasayansi chipukizi wa Ireland, ambayo yana historia tangu mwaka 1965. Wanafunzi wa sekondari, kwa vikundi vidogo na mwalimu wao, wanachagua tatizo, wanafanya utafiti, na wanaochaguliwa wanauleta kwenye maonyesho ya kitaifa. Si roboti na kemia tu: kuna kundi la baiolojia na ikolojia, na hata la sayansi ya jamii. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini majirani hawatumii vyandarua ana nafasi sawa na anayetengeneza mashine. Washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa masomo ya chuo kikuu kupitia Karimjee Jivanjee Foundation. Kenya nako kuna Young Scientists Kenya, pamoja na mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule yenye historia ndefu.

Kwa wasichana kuna Technovation, iliyoanza Marekani mwaka 2010. Wasichana wa miaka 8 hadi 18 wanaunda timu, wanatafuta tatizo la jamii yao na kutengeneza programu ya simu au ya akili unde ya kulitatua. Haina ada, inachotaka ni mshauri mmoja mtu mzima na intaneti. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu walifika fainali California kwa programu waliyoiita i-Cut, ya kumsaidia msichana aliye hatarini kukeketwa kuomba msaada. Dar es Salaam, Apps and Girls, iliyoanzishwa na Carolyne Ekyarisiima mwaka 2013, inafundisha wasichana kuandika programu, na ni mlango mzuri kwa mzazi ambaye shule yake haina klabu.

Linganisha haya na mashindano ya roboti. FIRST Global, yaliyoanza Washington mwaka 2017, huita timu moja kutoka kila nchi. Msisimko wake hauna mfano, na kijana anayepata nafasi asisite. Lakini ni wachache mno, seti na nauli ni vya ghali, na kazi waliyopewa ni moja kwa dunia nzima. YST inaanza na swali la mtoto mwenyewe. Kwa kipimo changu, YST inashinda hata kama picha zake hazivutii hivyo.

Udhaifu wa klabu ni mwalimu. Akihamishwa, klabu inakufa. Akiwa na vipindi thelathini kwa wiki, klabu inakuwa jina kwenye ubao wa matangazo. Mzazi unaweza kusaidia kuliko unavyodhani. Si lazima uwe mhandisi. Nenda shule, uliza klabu inakutana siku gani, na jitolee kuwa mtu mzima wa pili Ijumaa moja kwa mwezi. Kama shule haina klabu, CoderDojo, mtandao ulioanzia Cork, Ireland, mwaka 2011, umekuwa ukiruhusu watu wazima wachache wa kujitolea kufungua klabu ya bure ya watoto wa miaka 7 hadi 17 popote penye meza na umeme: ukumbi wa kanisa, madrasa, ofisi ya serikali ya mtaa. Miradi ya kufuata inapatikana bure.

Uani kwako

Njia hii haina bango kwa sababu hakuna anayefaidika kuitangaza. Watoto wetu wameunda magari ya waya na kurusha tiara tangu zamani, na uhandisi haukuhitaji kuitwa uhandisi. Kinachokosekana uani ni mtu wa kuuliza swali linalofuata.

Anza jikoni. Kila aliyewahi kumwagia pilau shati jeupe anajua doa la manjano likiguswa na sabuni hugeuka jekundu. Mpe mtoto vipande vya karatasi vilivyopakwa manjano yaliyokorogwa kwa maji, na vikombe vya ndimu, maji ya magadi, maji ya jivu, siki na sabuni. Atagawa jikoni lote makundi mawili, asidi na besi, kabla shule haijamfundisha. Maji ya rozela ni bora zaidi: mekundu kwenye ndimu, ya kijani au samawati kwenye magadi.

Kwa umeme, chomeka kwenye ndimu msumari wa bati, ambao umepakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba. Ndimu moja inatoa karibu volti 0.9. LED nyekundu inataka karibu volti 2, kwa hiyo moja haiwashi, mbili kwa kawaida hazitoshi, na ya tatu au ya nne ndiyo inayoleta mwanga hafifu ukikaa gizani. Mguu mrefu wa LED uende upande wa shaba. Mwache ahangaike na hesabu hiyo mwenyewe, usimwambie idadi. Ndimu hizo zikishatumika zisiingie kwenye juisi.

Kwa fizikia, kamba na jiwe. Kamba ya mita 1 inakwenda na kurudi kwa sekunde 2. Ya sentimita 25, sekunde 1. Kabla ya kubadili jiwe dogo kwa kubwa, mwambie abashiri. Wengi husema kubwa litakwenda haraka. Kisha wapime, na wabishane na simu yenye saa.

Na kwa mtoto mvumilivu kuna mradi ambao ningependa kuuona kwenye maonyesho. Wazee wa pwani walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni lile kundi dogo la nyota linaloonekana kama kishada. Mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei kinapotelea magharibi kwenye mwanga wa machweo. Juni kinaonekana tena, mashariki, alfajiri. Mtoto akate chupa ya maji ya plastiki, aweke kokoto na maji chini hadi kwenye mstari wa sifuri, aibandike rula, apime mvua kila asubuhi tangu Machi hadi Julai, na aandike tarehe ya kilimia kuzama na kuzuka. Je, wazee walisema kweli mwaka huu? Hakuna mtaalamu wa kituo chochote anayejua jibu la mwaka huu la mtaa wenu. Miaka mitatu ya daftari hilo ni utafiti, na gharama yake ni chupa.

Anga lina wapenzi wake wa kitaaluma pia. Dk. Noorali Jiwaji, aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ameelimisha umma kuhusu nyota kwa miaka mingi, na tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, Mbeya, kutazama jua likipatwa na kubaki pete. Kenya, The Travelling Telescope ya Susan Murabana na mwenzake hupeleka darubini shuleni. Jua lenyewe halitazamwi kwa macho wala kwa darubini isiyo na kichujio maalumu. Tazameni taswira yake ikiangukia karatasi baada ya mwanga kupita tundu la sindano kwenye boksi.

Udhaifu wa uani ni mmoja, nao ni mkubwa: hakuna ratiba. Jumamosi hii kuna harusi, ijayo kuna kufua, na daftari la mvua linabaki na mapengo.

Televisheni na makumbusho, kwa ufupi

Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam na kuonyeshwa tangu mwaka 2014, inafundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo, kwa Kiswahili, na kwa wadogo wa chekechea kuna Akili and Me. Ni bora kuliko katuni nyingi, lakini mtoto anatazama, hajaribu. Makumbusho ya Taifa ni nauli na kiingilio kidogo. Nenda na swali moja kuhusu fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, badala ya kupita vyumba vyote mbio.

Basi uchague nini?

Kama mtoto yuko chini ya miaka 8, usilipe kituo. Manjano, ndimu, kamba, na ScratchJr kama tableti ipo.

Kama ana miaka 8 hadi 12 na nyumbani kuna kompyuta, Scratch nyumbani pamoja na klabu yoyote ya kila wiki, ya bure au ya kulipia, ili apate wenzake. Kama hakuna kompyuta, hapo ndipo kituo cha Jumamosi kinastahili fedha yako, mradi umekaa nyuma ya darasa na kuona mikono ya nani inafanya kazi. Kati ya kituo cha mbali chenye jina na cha karibu chenye watoto wawili kwa kompyuta, chagua cha karibu.

Kama yuko sekondari, klabu ya shule na YST kwanza, na Arduino kwa zawadi ya kufaulu badala ya simu mpya. Msichana umwongezee Technovation. Kundi lenye wasichana watupu linamwondolea kazi ya kupanga vipande kwa rangi.

Kama una watoto wawili na fedha ya mmoja, mlipie yule ambaye hajaonyesha hamu bado, kwa kambi moja tu ya kuonja. Mwenye hamu tayari anaendelea bila ada: mnunulie betri, waya, na daftari lenye mistari, na umwachie kona ya meza isiyofagiliwa kila jioni.